Jiko la kuchomea samaki na mtungi wa kwenye gari: tuliyojifunza Buyenzi

Mwezi huu ukurasa wa familia unazungumzia gesi ya kupikia. Tunajua yuko atakayesema: "Gesi ya nini, sisi watu wa kuni na makaa?" Ni kweli. Karibu nyumba zote za Burundi zinapikia kuni au makaa, na sisi wa kambini ndiyo kabisa. Lakini mambo yanabadilika. Kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya mwaka 2020 baadhi ya familia zilipewa majiko ya gesi kwa majaribio. Mahama huko Rwanda, kwenye Warundi waliokimbia tangu 2015, mitungi nayo iliingia. Na kule Bangladesh, wakimbizi Warohingya wa Cox's Bazar walianza kugawiwa gesi mwaka 2018, kwa sababu milima ilikuwa imebaki vipara kwa kukatwa kuni. Tena wengi wetu tuna ndugu mjini Bujumbura wanaouza chakula, na huko mtungi wa gesi umeshakuwa chombo cha kazi kama sufuria.

Basi habari tunayoileta ni ya familia moja ya kwetu, iliyotoka Uvira ikaishi Buyenzi miaka mingi. Mama wa nyumba ile tutamwita Shangazi, kwa sababu ndivyo kila mtu wa barabara yao anavyomwita. Yeye mwenyewe ametuambia: andikeni, ila jina langu msiweke, wateja wasije wakaogopa samaki wangu.

Familia hii ilikuwa na Hiace kuukuu iliyobeba abiria. Ilipofika 2023, mafuta ya gari Bujumbura yamekuwa kazi kuyapata, watu wanalala kwenye foleni za pampu, gari likawa linakaa wiki nzima bila kutembea. Shangazi hakukubali mali ikae bure. Viti vya nyuma vikatolewa, ikawekwa meza ya mbao, jiko la gesi la plati mbili, na mtungi wa kilo 15 umefungwa kwa mkanda nyuma ya kiti cha dereva. Hiace ikawa mgahawa: chai, maandazi, maharage. Kwenye mtungi kulikuwa na regyuleta, kile kichwa kinachowekwa juu ya valvu, ambacho waliosoma Kifaransa wanakiita detanderi. Kutoka hapo mpira ukaenda kwenye jiko. Kwa miezi mitatu hakuna aliyelalamika.

Halafu mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao akauza vitu vyake vya nyumbani, na kijana mkubwa wa Shangazi akanunua jiko la kuchomea nyama la gesi. Dogo, la kukunja miguu, limetengenezwa Marekani, la kubeba safarini. Kwa Shangazi hiyo ilikuwa neema. Mukeke wa kuchoma ndiye anayeleta wateja wa jioni, na makaa bei yake imepanda, tena wakati wa mvua ni moshi mtupu. Kijana akasema: gesi si tunayo tayari ndani ya gari? Tunaunganisha tu.

Hapo kwenye "tunaunganisha tu" ndipo penye hadithi.

Jiko lile lilikuwa limezoea mitungi midogo ya Kimarekani, ile ya kushika mkononi kama chupa, inayoisha na kutupwa. Mdomo wake haufanani na kitu chochote kinachouzwa hapa. Kijana akakata mpira, akauvalisha kwa nguvu kwenye mdomo wa jiko, akakaza kwa waya, na upande wa pili akauchomeka kwenye mpira unaotoka kwenye regyuleta ya gari. Akawasha. Moto ulitoka, lakini ulikuwa moto wa mshumaa. Samaki walikaa juu ya wavu nusu saa wakawa vuguvugu. Mteja mmoja akauliza kama wanachomwa au wanapigwa jua.

Kesho yake kijana akafikiri kwamba regyuleta ndiyo inayobana gesi. Akaitoa. Akaazima kwa muuza chipsi kile kichwa cha kufungulia tu, kisicho na regyuleta, kinachotumiwa na wale wenye majiko makubwa ya kunguruma. Akaunga mpira uleule. Moto ukaja mzuri, wa buluu, samaki wakaiva. Watu wakampigia makofi. Baada ya dakika chache mpira ukavimba, ukateleza kutoka kwenye waya, ukaanza kupiga huku na huku kama nyoka. Gesi ikamwagika kwenye sakafu ya gari, nyeupe kama ukungu, na plati ya chai ilikuwa inawaka mita moja kutoka hapo.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Anasema hakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe kwenye koki ya mtungi ukaifunga. Wakati huohuo gesi iliyokuwa imeshatoka ikashika moto, puu! mara moja, ikazima. Nyusi ziliondoka, kitenge kikaungua, na mkono wa kulia ukababuka kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko. Wajukuu wawili walikuwa wametoka kwenye gari lile dakika tano kabla, wametumwa sukari.

Tulipomtembelea, mkono ulikuwa umepona lakini ngozi imekuwa ya rangi mbili. Alituonyesha bila aibu. Kisha akatupeleka kwa Mzee, fundi aliyelimaliza jambo lile. Mzee huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye majiko ya hoteli, na sasa ana kibanda kwenye barabara za mafundi wa Buyenzi, pale ambapo ukikosa kipuri cha gari basi hakipo Bujumbura nzima. Alitukalisha kwenye tairi akatufundisha, na haya ndiyo tuliyoyashika.

Gesi ndani ya mtungi ni maji. Ukiutikisa unasikia. Ni mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani, zilizokandamizwa mpaka zikawa maji, na ukifungua koki zinageuka hewa tena: lita moja ya maji yale inakuwa karibu lita 250 za gesi. Kwa joto la Bujumbura, nguvu ya ndani ya mtungi ni kati ya bari 2 na 8 kufuatana na mchanganyiko ulivyo. Tairi la gari dogo lina kama bari 2. Kwa hiyo mtungi uliotulia kwenye kona ya nyumba unaweza kuwa na presha ya tairi mara tatu au nne.

Jiko la nyumbani halitaki nguvu hiyo. Linataka nguvu ndogo sana, kama sehemu ya thelathini ya bari moja. Juu ya regyuleta nyingi imeandikwa namba, milibari 28 au 30, au 37 kwa zile za propani tupu. Hiyo 28 ni nguvu ya kusukuma maji ndani ya bomba yapande sentimita 28 tu. "Ukipuliza kwa mdomo wako," Mzee akasema, "unaweza kuyapandisha hivyo." Kazi ya regyuleta ndiyo hiyo: kupokea gesi yenye nguvu ya mtungi na kuitoa ikiwa mpole.

Sasa sikilizeni kosa la kwanza la kijana. Lile jiko la Marekani lilikuwa na regyuleta yake, ndogo, imejificha palepale kwenye kitufe cha kuwashia. Limetengenezwa hivyo kwa sababu mtungi wake mdogo hauna kitu juu, unatoa gesi kali moja kwa moja. Kijana alipounga kutoka kwenye mpira wa gari, gesi ilikuwa imeshapoozwa mara moja. Ikafika kwenye regyuleta ya pili, ambayo inasubiri gesi kali ili iibane, nayo ikaibana tena. Gesi ikafika kwenye moto imechoka. Ndio maana ya moto wa mshumaa. Jiko halikuwa bovu, na mtungi haukuwa umeisha. Zilikuwa regyuleta mbili kwenye njia moja.

Kosa la pili linachekesha kidogo, maana kijana alikuwa amekaribia ukweli. Alipotoa regyuleta ya gari, ikabaki moja tu, ile ya jiko, na ndio sababu moto ulikuja mzuri. Tatizo ni kwamba sasa gesi kali ya mtungi ilikuwa inapita kwenye mpira wa gesi mpole, uliofungwa kwa waya. Mpira ule umetengenezwa kubeba milibari thelathini. Ulipewa bari kadhaa. Gesi kali inataka mpira wake maalum, wenye nyuzi ndani, uliofungwa kiwandani kwa vyuma vya kukaza kwa spana. Klipu haitoshi, sembuse waya.

Tukamuuliza Mzee: je, angekuwa hana kabisa regyuleta kwenye jiko? Akatikisa kichwa. Jiko la gesi mpole likipewa gesi ya mtungi bila kitu katikati, moto unaruka juu kuliko mtu, na huwezi kusogea kuuzima. Wale wauza chipsi wanaweza kwa sababu majiko yao yametengenezwa kwa nguvu hiyo tangu mwanzo. Ukitazama katundu ka shaba ambako gesi inatokea kwenye jiko, utaona tofauti: kwenye jiko la gesi kali ni kembamba mno, kwenye jiko la gesi mpole ni kapana zaidi. Na hapa Mzee alikasirika kidogo, kwa sababu kuna watu wanapanua katundu kale kwa sindano ya cherehani au msumari moto ukiwa hafifu. Usifanye. Ukishakapanua hakarudi, na jiko litatoa moto wa njano na masizi siku zote.

Basi alifanyaje? Kwanza aligeuza jiko juu chini. Ubavuni mwake kulikuwa na kibati chenye maandishi. Wengi wetu tunaona maandishi ya Kizungu tunapita, lakini kibati kile ndicho cheti cha jiko. Kiliandika presha ambayo kichomeo kinaitaka baada ya regyuleta: inchi 11 za maji. Inchi 11 ni sentimita 28. Kumbe jiko la Marekani na jiko la plati mbili la Buyenzi wanakula chakula kilekile!

Hakuamini tu maandishi. Alichukua mpira mweupe wa plastiki unaoonyesha ndani, kama ule wa dripu lakini mnene zaidi, akaupinda kama herufi U, akautia maji hadi nusu, akaubana kwenye ubao wenye rula. Upande mmoja akauunga na gesi inayotoka kwenye regyuleta ya gari huku plati moja inawaka. Maji yakashuka upande huu yakapanda upande wa pili, na tofauti ikawa sentimita 29. Akasema: "Nzuri. Breki moja inatosha, na breki ya gari inafanya kazi." Kifaa hicho kimemgharimu bei ya soda mbili. Tumeona mafundi wenye mashine nyingi wasiojua kupima hivyo.

Halafu akaifungua ile regyuleta ndogo ya jiko akaitoa nzima. Mahali pake akaweka kipande cha shaba alichochongewa na jirani yake mwenye mashine ya kukata vyuma, upande mmoja una hesi za jiko, upande mwingine una makunyanzi ya kuvaa mpira. Ndani ya gari, baada ya regyuleta, akaweka kiungo cha njia tatu: njia moja inakwenda kwenye plati za chai, nyingine ni bomba la shaba lililobanwa ukutani mpaka nje karibu na mlango. Mwisho wa bomba lile kuna koki yake peke yake. Kutoka kwenye koki, mpira wa gesi wa mita moja na nusu, klipu za kukaza kwa bisibisi pande zote mbili, mpaka kwenye jiko la samaki ambalo sasa linakaa nje kwenye meza ya chuma. Jioni ikiisha, koki inafungwa, mpira unachomolewa, jiko linakunjwa.

Hapa tusisitize neno lake moja, maana ndilo tuliloliendea Bujumbura. Alitoa regyuleta ya jiko kwa sababu mambo mawili yalikuwa yamethibitika: kibati kilisema inchi 11, na gari lilitoa sentimita 29. Yapo majiko ya safari ambayo regyuleta yake inatoa nguvu kubwa zaidi kuliko hiyo, na kichomeo chake kimetengenezwa kwa nguvu hiyo. Jiko la namna hiyo ukilitoa regyuleta ukaliunga kwenye gesi mpole, litabaki na moto wa mshumaa hata ufanyeje. Hilo liachiwe regyuleta yake, lipewe mtungi wake lenyewe, na kiunganishi kinachostahimili gesi kali. Na kama kibati kimefutika, Mzee anasema hagusi. Amewarudisha watu watatu.

"Kwa nini usiwape tu mtungi wa pili?" tulimuuliza. Akacheka, akasema hilo ndilo analowaambia wengi. Kwa familia ya nyumbani yenye jiko la kawaida, mtungi wa pili wa kilo 6 na regyuleta yake ni rahisi na salama kuliko viungo vya njia tatu, kwa sababu kila kiungo ni mahali pengine pa kuvuja. Shangazi alikataa kwa sababu ya nafasi, na kwa sababu mtungi mdogo ungemwishia katikati ya wateja. Tukapiga hesabu pamoja. Jiko lile kwa moto mkubwa linakula kama gramu 250 kwa saa. Mtungi wa kilo 6 ni saa 24, siku sita za saa nne nne. Mtungi wa kilo 15 unakwenda saa 60, ukitoa ya chai. Tena mtungi mdogo ukivutwa gesi kwa kasi unapoa, unatoa jasho la baridi, na moto unapungua kabla haujaisha. Watu wengi hudhani wameibiwa gesi.

Kuhusu kuibiwa, hilo lipo pia. Juu ya mtungi imegongwa namba ya uzito wake ukiwa mtupu. Kwenye mitungi mingi imeandikwa Tare. Upime mtungi dukani, utoe namba hiyo, inayobaki ndiyo gesi uliyolipia. Mwenye duka asiyetaka kupima, mwache na mtungi wake.

Turudi kwenye gari, maana bado kuna jambo moja ambalo sisi hatukulijua. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mara mbili. Ikivuja haipandi kama moshi, inashuka, inatambaa chini kama maji, inajaa kwenye mashimo, chini ya kitanda, kwenye sakafu ya gari. Ikifika sehemu 2 tu katika 100 za hewa, cheche inatosha. Ndio sababu Mzee alitoboa sakafu ya Hiace, matundu mawili makubwa chini ya mtungi, yakawekewa wavu wa panya wasiingie. Gesi ikivuja idondoke barabarani. Dirisha la juu peke yake halisaidii kitu. Tuliwaza nyumba zetu za kambini, za udongo na turubai, mlango mmoja, kitanda kimegusa ukuta, moto wa jirani hatua tano. Kwetu mtungi ukivuja usiku ndani, haujui mpaka wa nyumba. Wenye ndugu Nairobi watakumbuka usiku wa 1 Februari 2024 kule Embakasi, gesi ilipovuja na kuenea mtaani kabla ya kulipuka; waliojeruhiwa walizidi 200, na wengi walikuwa majumbani mwao. Na watu wa Bujumbura hawahitaji kukumbushwa moto, walioona soko kuu likiteketea tarehe 27 Januari 2013.

Kwa hiyo mtungi ukae wima siku zote, usilazwe, maana ukilazwa unatoa maji ya gesi badala ya hewa. Ukae nje au pale penye hewa ya chini. Gari likitembea, koki ya mtungi imefungwa, hata kama ni kutoka barabara ya kwanza hadi ya pili. Na lile jiko la samaki halipikii ndani ya Hiace hata mvua ikinyesha vipi. Mvua ikija, Shangazi anafunga biashara ya samaki au anasimamisha mwavuli mkubwa wa sokoni, pande zote wazi. Moto kwenye chumba kilichofungwa, uwe wa gesi au wa makaa, unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyolala na jiko la makaa ndani, haikuamka.

Gesi yenyewe nayo haina harufu. Ile harufu ya kitunguu kilichooza inatiwa makusudi ili pua ituambie. Ukiinusa, funga koki ya mtungi, zima kila moto ulio mbali ukiweza bila kuukaribia uvujaji, toa watoto, fungua mlango. Usiguse swichi ya taa, wala simu, wala tochi humo ndani. Baadaye utafute panapovuja kwa sabuni: povu la sabuni ya kufulia kwenye sponji, unapaka kwenye koki, klipu na mpira wote. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Kuna mtu, hatumtaji, ni wa kwetu kabisa, aliyetuambia yeye hupima kwa kiberiti na hajawahi kuungua. Tumemwomba aache.

Mpira wa kumwagilia bustani haufai, hata uwe mpya. Gesi inaula kutoka ndani, unakuwa mgumu na kupasuka. Mpira wa gesi una maandishi yake na mara nyingi mwaka wa kutengenezwa. Ukipita miaka mitano, au ukiukunja ukaona nyufa ndogo kama za kisigino kikavu, badilisha. Jambo jingine linalowatesa wengi: viungo vingi vya gesi vinafungwa kinyume cha parafujo za kawaida. Kukaza ni kushoto. Vijana wenye nguvu wanavunja valvu nzima wakidhani wanafungua.

Kuhusu kuungua. Shangazi majirani walimkimbilia na dawa ya meno, wengine mafuta ya mawese, mmoja yai. Binti yake wa shule akawazuia wote, akamwagia mkono maji ya kawaida dakika 20 nzima, akamvua bangili kabla mkono haujavimba, akafunika na kitambaa safi, ndipo wakaenda kituo cha afya. Muuguzi alisema maji yale ndiyo yaliyookoa ngozi. Dawa ya meno na mafuta vinafunga joto ndani, na yai linaingiza uchafu.

Kwa familia zinazosubiri kupelekwa Marekani, tumeambiwa na waliotangulia kwamba majiko ya namna hii kule yamejaa kila nyumba, mengine hata yanaokotwa barabarani. Vizuri, lakini nyumba nyingi za ghorofa haziruhusu jiko la gesi kwenye baraza ya juu, na mwenye nyumba anaweza kukuandikia barua. Ulizeni kwanza. Na msitume majiko hayo huku kwa ndugu bila kujua kwamba midomo yake haiingii kwenye mitungi yetu. Shemeji wa Shangazi alikuwa ameleta kwenye sanduku kiunganishi cha Kimarekani, kizuri, kinang'aa, na hakikuingia popote.

Jioni tuliyokuwepo Shangazi alichoma mukeke kumi na wanane. Moto ulikuwa wa buluu, umekaa sawa kutoka mwanzo wa kichomeo hadi mwisho. Kijana wake ndiye aliyepaka povu la sabuni kabla ya kuwasha, taratibu, kila klipu, huku mama yake amemkazia macho. Ile regyuleta ndogo iliyotolewa haikutupwa. Imefungwa kwa waya kwenye mguu wa jiko pamoja na kibao cha bati, ambacho Mzee ameandika kwa msumari: "Hili halina regyuleta. Usiunge kwenye mtungi mtupu." Kwa sababu, alisema, siku moja Shangazi naye atahama, na jiko litauzwa kwa mtu mwingine.